KUFUNGA NZI WADOGO WA NDOANA: KAZI YA MACHO NA BEI YAKE

(Hotuba iliyosomwa na mafundi wa meza ya nzi wadogo mbele ya wanachama wa tawi)



Kamati ya mafunzo ilitutaka sisi wa meza ya nzi wadogo tuseme nanyi juu ya kazi yetu, na maneno yetu yapigwe chapa katika gazeti hili ili ndugu waliokuwa zamu wapate kuyasoma.

Sababu ya hotuba hii ni mbili. Ya kwanza, wanachama wengi waliozoea nzi wakubwa wa namba 8 na 10 sasa wanapewa oda za namba 18, 20 na 22, na wengi wanarudishiwa kazi yao kwa makosa madogo yanayoweza kuepukwa. Ya pili, mazungumzo ya bei ya dazeni yanakaribia. Hatuwezi kudai bei ya kazi ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuieleza. Mjumbe wetu akiulizwa mezani, "Nzi huyu ana uzi na waya tu, mbona mwataka bei ya juu?" lazima awe na jibu. Jibu hilo halipatikani kwa kupiga kelele, lapatikana kwa kuijua kazi.

NZI HAWA NI NINI

Ndugu, sisi twafunga vitu ambavyo wengi wetu hatujapata kuviona vikitupwa majini. Samaki anayetafutwa ni trauti, samaki wa maji baridi. Huku kwetu aliletwa mwaka 1905, akatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, na mpaka leo yumo katika mito ya huko na ya Mlima Kenya. Lakini nzi tunaowafunga wengi hawavui hapa. Hupakiwa katika visanduku wakaenda Uingereza, Marekani na nchi nyingine za baridi.

Ufundi wenyewe ni wa kale sana. Mwandishi mmoja wa Roma, jina lake Aelian, aliyeishi karibu miaka 1800 iliyopita, aliandika habari za watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo juu ya ndoana, wakavua samaki wa mtoni kwa hiyo. Basi mtu asiwaambie kwamba kazi hii ni mchezo wa watoto. Ni kazi ya mikono yenye umri mkubwa kuliko viwanda vyote vya Nairobi.

Mdudu tunayemwiga katika nzi wadogo ni jamaa ya usubi, ila huyu haumi watu. Ndugu waliotoka kando ya Ziwa Victoria wanamfahamu. Ni mmoja wa wale wadudu wanaopanda juu ya maji makundi kwa makundi hata ukadhani ni moshi. Maisha yake yana hatua, na kila hatua ina nzi wake mezani kwetu. Kwanza ni buu aishiye katika tope chini ya maji. Baadhi yao ni wekundu, maana damu yao ina kitu kile kile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu, nacho huwasaidia kupata hewa katika tope ambamo hewa ni haba. Kisha hugeuka kuwa pupa, akapanda polepole kuelekea juu, na hewa iliyo chini ya ngozi yake humfanya ang'ae kama fedha. Mwisho hupasua ngozi, akatoka na mabawa juu ya maji.

Trauti huwala katika hatua zote tatu, na huwala mwaka mzima. Wakati wa baridi kali Ulaya na Marekani, wadudu wengine wanapokuwa wamejificha, hawa bado wapo. Pale Lees Ferry katika jimbo la Arizona, mto Colorado hutoka chini ya bwawa kubwa la Glen Canyon, na maji yake ni baridi na safi. Samaki wa huko hula hawa wadogo siku zote. Hali ni hiyo hiyo katika mto San Juan, jimbo la New Mexico. Huko Uingereza wavuvi wa maziwa ya kuchimbwa kama Rutland na Grafham humwita mdudu huyu kwa sauti ya kuvuma kwake, na humnunua mwaka nenda mwaka rudi.

Ndiyo sababu oda zake hazikatiki. Na ndiyo sababu mnunuzi ni mkali: samaki anayekula mdudu wa ukubwa wa punje ya mtama humwona vizuri kabla hajamla.

VYOMBO NA MATAYARISHO

Mwanzo, mjue namba. Katika ndoana, namba ikizidi, ndoana hupungua. Namba 22 ni ndogo kuliko 18. Mgeni akikosea hapo, oda nzima imeharibika.

Jiliwa lishike ndoana penye mkunjo, si penye ncha. Ncha ikibanwa huwa dhaifu, na mvuvi akiivunja, lawama hurudi kwetu. Mti wa ndoana ulale sawasawa kama meza. Nyuma ya jiliwa simamisha karatasi ya rangi ya maziwa au ya majani mabichi yaliyopauka. Jambo hili halina gharama hata senti moja, nalo hupumzisha macho kuliko kutazama uzi mweusi mbele ya shati la mwenzako.

Uzi uwe mwembamba, wa namba 8/0 au zaidi. Kwa nzi mkubwa, mizunguko mitano ya bure haionekani. Kwa nzi wa namba 22, mizunguko mitano ya bure ni kichwa kizima. Basi kanuni yetu ya kwanza ni hii: kila mzunguko uwe na kazi yake. Mzunguko usio na kazi, usiuzungushe.

Tena, mjifunze kuutumia msokoto wa uzi. Ukiiacha bobini ining'inie, ukaizungusha kinyume cha saa, msokoto hufunguka na uzi hulala bapa kama utepe. Huo ndio uzi wa kujengea mwili laini. Ukiizungusha kwa upande wa saa, uzi hukaza ukawa mviringo kama kamba. Huo ni wa kubana kitu mahali pamoja. Fundi asiyejua tofauti hii hufunga nzi wenye vinundu, akadhani mkosaji ni uzi.

NZI WA KWANZA: BUU WA UZI

Huyu ndiye wa kuanzia. Ana vitu viwili tu, uzi mwekundu na waya mwembamba. Anza uzi nyuma kidogo ya jicho la ndoana. Laza waya juu ya mti wote, uufunge kwa uzi bapa mpaka mwanzo wa mkunjo. Rudisha uzi mbele, mzunguko kando ya mzunguko. Kisha peleka waya mbele kwa mizunguko mitano au sita yenye nafasi sawa. Funga, kata, maliza kwa fundo.

Mwalimu mzuri humfanyisha mwanafunzi buu huyu mpaka mwili wake utoke laini bila kutazama mara mbili. Asiyeweza huyu asipewe wanaofuata.

NZI WA PILI: PUPA MWENYE SHANGA

Katika karatasi za oda huandikwa Zebra Midge, maana mwili wake ni mweusi wenye milia ya waya wa fedha kama punda milia. Tuseme habari zake kwa urefu, kwa kuwa ndiye anayerudishwa zaidi.

Kwanza, bana kijino cha ndoana kilale, iwapo oda imetaka hivyo. Kisha tia shanga. Shanga ina tundu dogo upande mmoja na tundu pana upande wa pili. Ncha ya ndoana iingie katika tundu dogo kwanza, ili shanga ikifika mbele, tundu dogo liegemee jicho na tundu pana litazame nyuma. Ukigeuza, shanga itapanda juu ya jicho na kuliziba.

Pili, anza uzi nyuma ya shanga. Chomeka mwanzo wa waya ndani ya tundu pana la shanga, kisha uulaze juu ya mti. Hivyo waya hauachi kinundu, na shanga haichezi. Funga waya mpaka uanze kushuka mkunjo kidogo tu. Mwili ukishuka mno, hupunguza nafasi kati ya mwili na ncha, na samaki hashikiki.

Tatu, rudisha uzi bapa mpaka kwenye shanga. Mwili uwe mwembamba nyuma, unene kidogo mbele, kama karoti. Usijenge karoti kwa mara moja. Nenda na urudi kwa safari fupi fupi karibu na shanga.

Nne, peleka waya mbele ukiuzungusha kinyume cha uzi, ili ukae juu bila kuzama kati ya nyuzi. Ukifika kwenye shanga, ufunge kwa mizunguko mitatu iliyokazwa. Usiukate kwa mkasi. Uzungushe zungushe mpaka ukatike wenyewe penye fundo. Mkasi huacha ncha kali inayokata uzi, na tena huharibu mkasi, na mkasi wengi wetu tunaununua kwa fedha zetu.

Tano, fundo la kumalizia lenye mizunguko mitatu au minne, likazwe nyuma ya shanga. Tone la vanishi litiwe kwa ncha ya sindano, si kwa brashi. Kisha jaribu: shika mwili kwa kidole gumba na kidole cha shahada, uusukume kidogo. Ukizunguka juu ya mti, nzi huyo hajafungwa, amevikwa tu.

NZI WA TATU: YULE WA JUU YA MAJI

Huyu huitwa Griffith's Gnat, kwa jina la George Griffith wa Michigan, mmoja wa walioanzisha chama cha wavuvi wa trauti cha Marekani mwaka 1959. Mwili wake ni wa nyuzi za unyoya wa tausi, na juu yake umezungushwa unyoya wa shingo ya jogoo wa marara, mweusi na mweupe, kutoka nyuma hadi mbele. Wavuvi husema samaki humwona kama kikundi cha wadudu walioshikamana juu ya maji.

Vitu vyake ni viwili, lakini uchaguzi ndio kazi. Unyoya upimwe kabla ya kufungwa: upinde kando ya ndoana, nywele zake zisizidi mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Ukizidi hapo, nzi atalala ubavu. Ng'oa nywele laini za shinani, ufunge unyoya nyuma. Hapo hapo funga uzi mmoja au miwili ya tausi. Uzi wa tausi ni dhaifu, hukatika kwa meno ya samaki wa kwanza, kwa hiyo uusokote pamoja na uzi wa kufungia kabla ya kuupeleka mbele. Kisha zungusha unyoya kwa nafasi sawa mpaka nyuma ya jicho.

Hapo ndipo mtego ulipo. Acha nafasi. Fundi mwenye haraka hufika na unyoya mpaka jichoni, akamalizia juu ya nywele, na kichwa kikafunika jicho. Mvuvi yuko mtoni, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi, jicho la ndoana ya namba 22 ni dogo kupita tundu la sindano, na amekuta limezibwa. Hatanunua tena nzi wa kisanduku hicho. Twawasihi, kabla ya kuitoa ndoana katika jiliwa, pitisha ncha ya sindano jichoni. Ni kazi ya nukta mbili.

HESABU YA MEZA

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme fundi amefunga dazeni 10 kwa siku, yaani nzi 120. Akirudishiwa mmoja katika kila dazeni, amepoteza 10, ambao ni karibu dazeni nzima. Kwa siku 6 za kazi ni nzi 60, yaani dazeni 5 alizozitolea jasho bila kulipwa. Na kama akipunguza mizunguko ya bure akaokoa nukta 10 kwa kila nzi, basi kwa nzi 120 ameokoa nukta 1200, ambazo ni dakika 20 kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo ni sehemu yetu. Lakini ipo sehemu ya mwajiri pia, na hapo tusione haya kusema.

Kuna mahali ambapo bei ya dazeni hupangwa kwa kutazama vitu vilivyotumika. Nzi mkubwa ana manyoya mengi, basi hulipwa zaidi. Mdogo ana uzi na waya, basi hulipwa kidogo. Hesabu hii hupima gharama ya sanduku la vitu, haipimi kazi ya mtu. Macho hayamo, wala unyoya uliotafutwa kati ya thelathini mpaka ukapatikana unaotosha namba 22.

Hata hivyo tuwe wakweli. Huenda saa ikatuonyesha kwamba buu wa uzi ni mwepesi kuliko nzi mkubwa. Ikiwa hivyo, tukubali, tusidai pasipo haki. Lakini tunaamini saa hiyo hiyo itaonyesha kwamba Griffith's Gnat wa namba 22 hula muda mwingi kuliko bei yake inavyosema. Mjumbe mwenye daftari la saa za watu arobaini hasikilizwi kama mjumbe mwenye manung'uniko ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkumbuke tena sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, hali nzuri ya kazi, na kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema kwamba mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya vitu alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, au kazi inapomalizika, ile siku inayotangulia. Basi mtu akiambiwa, "Ngoja mpaka mnunuzi wa ng'ambo alipe," na mwezi umekwisha, asinung'unike kimya kimya nyumbani. Alete habari kwa mjumbe wa meza yake.

MACHO

Neno la mwisho la kazi ni macho. Fundi wa nzi wadogo ana vyombo viwili visivyouzwa dukani, navyo ni macho yake. Baada ya miaka 40 hivi ya umri, jicho la kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa wa aibu, wala si mwisho wa ufundi. Miwani ya kusomea husaidia, na kioo cha kukuzia chenye mguu wa kusimama husaidia zaidi. Wako mabibi na mabwana waliohama meza hii kwa kuona ukungu, hali walichohitaji kilikuwa miwani tu. Twaona ni hasara kubwa kwao na kwa chama, maana waliondoka na ufundi wa miaka mingi.

Taa ikae juu kidogo upande wa kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya ndoana. Kila baada ya dakika 20 inua uso, utazame mbali nje ya dirisha, uhesabu polepole mpaka 20. Na dirisha lenyewe liwe wazi wakati wa vanishi, maana harufu yake huumiza kichwa na kuwasha macho.

TUNAYOWAOMBA

Ndugu, tumalize kwa mambo manne.

1. Kila mwanachama afungaye namba 18 na kushuka achukue daftari, aandike aina ya nzi, namba ya ndoana, saa aliyoanza dazeni na saa aliyoimaliza. Aandike ukweli, bila kukimbia na bila kukokota mkono. Afanye hivyo wiki 4.

2. Nzi waliorudishwa wasitupwe. Waletwe kwa mjumbe pamoja na sababu iliyotolewa. Kama kosa ni letu, tutalifundisha. Kama ndoana au unyoya ulikuwa mbovu tangu dukani, fundi asikatwe fedha yake kwa hilo.

3. Mafundi wazoefu wakae na wageni mezani. Asimfiche mtu mwenzake ujuzi kwa kuogopa atapitwa. Bei ya dazeni ikishuka kwa sababu ya kazi mbovu ya mgeni, hushuka kwa wote.

4. Katika madai yetu ya mara hii, taa na kioo cha kukuzia viandikwe kuwa vyombo vya kazi vinavyotolewa na mwajiri, kama jiliwa linavyotolewa.

Mtu akiwauliza tena kwa nini nzi mwenye uzi na waya tu adaiwe bei ya haki, mpeni jiliwa, mpeni ndoana ya namba 22 na unyoya mmoja wa marara, mkamwambie afunge dazeni moja zote zikifanana. Kisha mjadiliane naye bei.

Madaftari yapo kwa katibu wa tawi.